Dereva wa Mwadhama

Tarehe 19 Januari

Mdogo wangu Wakili,

Najua huko sasa wanakuita Mwadhama. Na mimi nimejizoeza kulitamka mbele ya kioo cha dukani, lakini neno lenyewe linakaa mdomoni kama mswaki wa mtu mwingine. Utaniwia radhi, nitakuita jina alilokupa Mama siku uliyorudi nyumbani na joho jeusi la mahakamani, akalifua kabla hata hujalivaa.

Huku tupo, tunapumua na tunadaiwa salamu. Mama mguu unamsumbua. Anaupaka dawa, kisha anaugombeza kwa sauti kama mtoto mtukutu. Shemeji yako anakusalimu na anashukuru kwa rozari, ingawa nafsi yake ilikuwa inangoja viatu. Dada yetu nesi amehamishiwa wodi ya wazazi, anasema huko angalau kuna raha, mtu anaingia mmoja anatoka wawili. Duka langu linakwenda kwa fahari. Picha yako ya kofia nyekundu nimeitundika juu ya kioo, na kila anayekaa kitini lazima aitazame, hata asiyetaka, maana nimemshika kichwa. Nawaambia watu nyumba yetu ina wakuu wawili: Kardinali, na Kinyozi Mkuu. Mkuu wa pili ndiye mwenye wembe.

Sasa nikupe habari za sherehe yako, maana wewe ulikuwepo lakini hukuiona, ulikuwa unashikwa mikono tu.

Ile suti nyekundu niliishonesha makusudi. Nilimwambia fundi, mdogo wangu siku hiyo atakuwa mwekundu toka utosini hadi soksini, mimi kaka yake nisimame na kijivu kama karani wa bandari? Fundi akasema, "Bingwa, wewe utaonekana toka mbali." Nikaonekana kweli. Bahati mbaya wale jamaa wa kupaki magari pale ukumbini nao walivaa makoti mekundu, rangi ile ile, kama tumekata kitambaa kimoja. Tofauti ni kwamba yao yalikuwa na vifungo vya dhahabu na langu vya kawaida. Kwa hiyo hata kwa wapaki magari nilikuwa wa cheo cha chini.

Basi padre mmoja mzee akanitia funguo mkononi. "Ile nyeupe, mwanangu, taratibu." Mimi ni mtu wa kuwavunja moyo wazee? Nikaenda. Kumbe ukishapaki moja umeajiriwa. Mchana kutwa nilikuwa kwenye usukani. Wakili, nimeendesha gari moja refu, mbele umeshafika unakokwenda na nyuma bado iko mtaa wa pili! Geti nililigusa kidogo, lakini kosa lilikuwa la geti. Mke wa balozi akanipa peremende. Nimekula peremende ya kibalozi, na hakuna kinyozi mwingine mji huu anayeweza kusema hivyo.

Kuna kijambo kimoja. Mama aliponiuliza nilikaa wapi, nikamwambia mkono wako wa kulia. Ulimi ulitangulia, mimi nikafuata nyuma. Nikaongeza kwamba ulinikatia keki kwa mkono wako mwenyewe. Sasa ameshawaeleza majirani wa mtaa wote wa sokoni, mlango kwa mlango, mguu wake ule ule mbovu. Ukimwandikia, tafadhali usije ukanimwagia mchuzi kwenye suti.

Ni mimi kaka yako,
Bingwa


Tarehe 26 Februari

Kaka yangu mpendwa,

Amani iwe nyumbani kwenu. Nimefurahi kusikia mko wazima, na nimemkumbuka Mama na mguu wake katika misa ya asubuhi. Mwambie Dada nimempongeza kwa wodi mpya. Viatu vya shemeji nitavikumbuka.

Mimi sijambo. Ofisi niliyoikuta ina dari linalovuja juu ya meza tu, kwingine kote ni kukavu. Padre sekretari anazipanga barua zangu katika mafungu, la haraka, la kawaida na la kungoja. Yako aliiweka katika la kungoja, ndiyo maana najibu leo.

Nashukuru ulikuja. Safari ni ndefu, najua. Siku ile watu walikuwa wengi na sikuweza kuwa na kila mmoja kama nilivyotaka.

Kuhusu Mama, sijapata kumwandikia uongo na sitaanza sasa. Lakini pia sitamwandikia jambo ambalo hajaniuliza. Naona hilo litakutosha.

Ndani ya bahasha mtakuta picha za sherehe. Samahani, nimezitazama zote na hukutokea hata katika moja.

Ndugu yako katika Kristo


Tarehe 20 Machi

Wakili,

Salamu za Mama kwanza, maana amekaa hapa anahakikisha naziandika. Mguu umepata nafuu. Shemeji yako mzima. Mimi mwenyewe mzima, ila jana nimemnyoa mteja nusu kichwa, umeme ukakatika, akaenda kazini na nusu. Leo karudi, anasema bosi wake hakugundua. Ndiyo watu ninaofanya nao kazi.

"Ndugu yako katika Kristo." Haya. Na tumboni mwa Mama tulikuwa tumepanga vyumba tofauti?

Nimelisoma pia lile la "kila mmoja". Nimejitafuta humo, nikajikuta kati ya wapiga kinanda na wauza maua.

Picha zimeleta kazi. Mama amezipanga kitandani, na kila moja anauliza, "Hapa wewe ulikuwa wapi?" Ya kwanza nikamwambia nilikuwa msalani. Ya pili nikamwambia nilikuwa nimeinama nakuokotea leso. Ya tatu nikasema hivyo hivyo. Akanitazama juu ya miwani. "Yaani siku nzima mtoto wangu anaangusha leso?"

Sasa sikiliza. Ameamua atakuja huko kwenye sikukuu ya kanisa kuu, mwezi wa nane. Ameshaanza kufunga mzigo, mtu wa miezi mitano kabla. Ananiambia, "Utanionyesha kiti chako pale kuliani kwake, nami nitakaa hapo hapo, wewe usimame nyuma yangu." Kiti gani, Wakili? Nitamwonyesha usukani?

Ninachotaka ni hiki, na unajua mimi si mtu wa kuomba, mimi ni mtu wa kusifiwa. Tuite. Tuandikie kwa heshima, Mama na mimi, tuketishe mbele ya watu wale wale, useme huyu mama yangu na huyu kaka yangu. Mara moja tu. Nitavaa kijivu. Ile hadithi ya suruali yako ya shule niliyowasimulia maaskofu nitaisahau, sitafungua mdomo ila kwa chakula.

Halafu Mwalimu, mteja wangu wa Jumamosi, ananisumbua kila wiki. "Bingwa, mdogo wako aliacha uwakili kwa nini, na alikuwa anashinda kesi?" Nimeshamwambia malaika alimtokea mahakamani. Wiki iliyofuata nikamwambia aliona upanga wa moto juu ya kiti cha jaji. Wiki hii hadithi zimeniishia, nikamkata sikio kidogo ili tubadilishe mada. Hata sisi wa nyumbani hukutuambia kamwe. Ulirudi na sanduku, ukalala, ukaamka padre.

Kuna kitu sikukiandika katika barua ya kwanza. Sikudhaniwa dereva kwa ajili ya suti. Yule balozi mwenye masharubu aliniuliza kwa adabu kabisa, "Na wewe, ndugu, ni nani?" Ulikuwa kando yake na kisahani cha keki. Nilikuangalia. Nilikuangalia muda wa mtu kumeza na kufuta mdomo. Kisha nikasema, "Mimi ni dereva." Padre mzee alikuwa nyuma yangu, ndipo funguo zikaja.

Nimeandika kwa kalamu ya wino, haifutiki.

Bingwa


Tarehe 30 Mei

Kaka,

Nawasalimu wote. Barua yako ilifika nikiwa na maandalizi ya Pasaka, kisha nikawa katika ziara za parokia, kisha mafua. Nimeisoma zaidi ya mara moja.

Naomba tulitazame jambo hili kwa utulivu. Kwanza, swali hakuulizwa mtu mwingine ila wewe, na wewe ndiye uliyejibu. Pili, ulijibu kwa sauti ya kicheko. Tangu utoto wetu wewe hujibu kila kitu kwa kicheko. Ningejuaje kwamba hili halikuwa mzaha mwingine, na kwamba kukusahihisha mbele ya mgeni kusingekuharibia? Tatu, muda mfupi kabla ya hapo ulikuwa umewaeleza maaskofu wawili jinsi nilivyojikojolea siku ya kwanza ya shule. Walicheka, nami nilicheka. Lakini tangu hapo nilikuwa nimesimama nikingoja utasema nini tena. Siku ile nilikuwa nimetoka kukabidhiwa mzigo mkubwa, na macho mengi yalikuwa yananipima.

Sisemi haya kukulaumu. Nasema tu kwamba jambo lina pande zake.

Kuhusu Mama, nahofia safari itamchosha. Sikukuu ina msongamano, na viti vya mbele hupangwa na kamati. Mambo yakitulia, pengine mwakani, nitatuma gari limlete kwa raha zake. Dereva wangu ni mtu mwangalifu sana.

Niombee.


Tarehe 11 Juni

Wakili,

Wazima. Leo salamu ni hizo.

Kwanza, pili, tatu. Umenisomea hukumu, na mimi sikuwa hata na wa kunitetea.

Ile habari ya shule, kweli niliisema. Ungeniacha nimalize. Siku ile nilikuvua suruali nikakuvalisha kaptula yangu, nikakubeba mgongoni mpaka nyumbani, na mimi nimevaa shati tu, matako nje, njia nzima nawatukana wanaocheka. Maaskofu nilitaka wasikie hiyo sehemu. Lakini walikuwa wameshacheka, na wewe ulishageuka.

Mama nimemwambia yote. Nilimkuta anatafuta kamba ya kufungia mzigo, nikashindwa kumpa. Nikakaa kitandani nikasema: hakuna kiti, hakukuwa na keki, nilipaki magari. Na nikueleze ukweli, nilitaka akukasirikie. Mtu mzima mimi, nina mvi hadi kwenye nyusi, nimekwenda kumshtaki mdogo wangu kwa mama yake. Naona haya hata kuandika.

Hakukasirika. Akaniuliza, "Na hayo magari, uliyapaki vizuri?"

Nikamwambia vizuri, ila geti.

"Haya."

Akaufungua ule mzigo. Akatoa nguo moja moja, akazikunja upya kama mtu anayezirudisha dukani. Akasema bila kunitazama, "Mimi sikumfundisha kukukana." Akakunja nyingine. "Au nilimfundisha. Nilipompeleka yeye shule ya mbali na wewe nikakutia mkasi mkononi, labda ndipo alipojifunza yupi wa kuonyeshwa watu na yupi wa kubaki uani."

Ningekuwa na kichekesho hapo ningekitoa. Sikuwa nacho.

Sasa haendi sokoni. Alikuwa amewaeleza wote habari za kile kiti, na hawezi kupita wakimuuliza safari imefikia wapi. Anamtuma mjukuu, au anakaa bila. Wewe ulinyamaza, mimi nikadanganya, na anayejificha ndani ni yeye.

Picha yako nimeishusha. Wateja nimewaambia inatiwa fremu mpya. Uongo mwingine huo, nimeshauzoea.

Gari lako usilitume.

B.


Tarehe 28 Julai

Kaka,

Barua hii nimeianza mara nyingi, na kila mara nilijikuta nimeanza na hoja. Leo naanza na tendo.

Nilisikia. Nilisikia swali, nikaona ukiniangalia, nikajua unangoja nini. Nilikuwa na keki mdomoni, na nikaitafuna polepole ili niwe na sababu ya kutosema. Uliposema "dereva" nilisikia nafuu. Nafuu, Kaka. Kama mtu aliyeponea ajali.

Bado hujalijua lililo baya zaidi. Ulipotoka nilikwenda kusimama dirishani. Nilikuona unarudisha nyuma gari la askofu, kichwa umekitoa nje, unaimba. Ulipomaliza hilo ukaletewa jingine. Nilikutazama muda mrefu, na ningeweza kushuka, ngazi zilikuwa pale. Balozi akaja akasimama kando yangu. Akasema, "Dereva wako ni hodari." Nami nikamjibu, "Asante."

Hilo sikulazimishwa. Nililitoa mwenyewe, na kwa tabasamu.

Mwalimu wako anataka kujua kwa nini niliacha uwakili. Hapakuwa na malaika. Siku moja shahidi wa upande wangu alisema jambo lililotufaa, na mimi nilijua si kweli. Sikumfundisha kulisema. Sikuongeza neno. Niliinama nikamwambia jaji, "Sina swali zaidi," nikakaa chini. Tulishinda, na mtu akapoteza nyumba. Nilitoka pale nikasikia njaa, nikaenda kula, nikala vizuri. Nilikuwa nakaribia kumaliza sahani ndipo nikaogopa, si kwa nililofanya bali kwa jinsi lilivyoshuka pamoja na chakula. Nilidhani nikivua joho lile nitamwacha mtu yule ndani yake. Kumbe alihama pamoja nami. Amepanda vyeo. Sasa anavaa nyekundu.

Juma lililopita balozi alikuja ofisini kuaga, amehamishwa. Tulizungumza habari za njia na mizigo. Alipokuwa ameshashika kofia yake nikamwambia, "Yule mtu wa suti nyekundu hakuwa dereva. Ni kaka yangu, wa baba na mama."

Aliizungusha ile kofia mkononi. Akasema taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa, "Mwadhama, nilijua. Masikio yenu ni yale yale. Nilimuuliza ili unitambulishe kwake. Na pale dirishani nilikupa nafasi ya pili."

Alipoondoka nilimwendea yule padre mzee, nikamuuliza kama naye alikudhania mpaki magari. Akasema hapana. "Nilimwona amesimama pale, mikono haina pa kwenda. Nikampa funguo ili apate sababu ya kutoka."

Basi chumba kizima kilijua, Kaka. Walikuwa wamesimama na sahani zao wakinitazama nikikukana, na kwa adabu wakaendelea kula. Peke yangu ndiye niliyedhani limefichika.

Nimefikiri la kufanya. Sikukuu ya kanisa kuu ni mwisho wa Agosti. Nataka wewe na Mama mkae mbele. Nitalisema lote katika mahubiri, mbele ya maaskofu na wageni, bila kujipaka mafuta. Kamati nimeshaiambia. Niambie kama mtakuja. Na niambie, ukiweza, kama umenisamehe.

Mdogo wako


Tarehe 9 Agosti

Mdogo wangu,

Umeandika "mdogo wako". Nimeiona. Shemeji yako naye ameiona, ameipita mara mbili kwa kidole.

Sisi hatujambo. Dada amepandishwa cheo, sasa anawagombeza manesi wenzake kwa barua rasmi. Mguu wa Mama ni ule ule.

Habari za masikio zimenifanya nikae kwenye kiti changu mwenyewe cha wateja na kujitazama kiooni. Kweli yanafanana. Vichwa vyote nilivyonyoa maishani, vya wakubwa na vya wezi, na sijawahi kugundua kwamba nabeba masikio ya Kardinali. Ningelijua mapema ningepandisha bei.

Lakini yule padre amenitoa machozi, na sisemi kwa mzaha. Mchana ule wote nilijidai kwamba nimewachezea shere. Nilijua. Dereva halisi wa yule padre alikuwa amesimama pale pale na mikono nyuma. Nilizichukua zile funguo kama mtu anayezama anavyoshika chochote. Nikaimba kwa sauti ili wewe ukitokea dirishani uone nafurahi. Maana nilikuona, Wakili. Nilikuona dirishani tangu gari la kwanza. Mengine niliyapaki kwa ajili yako wewe, nikisema sasa atashuka, hili likiisha atashuka. Nilipoligusa geti nilikuwa natazama juu.

Na lile neno "dereva" halikuwa lako peke yako. Nilipokuangalia niliona unavyoogopa, nikaona nikupunguzie. Halafu nikakukasirikia kwa kulipokea. Zawadi gani hiyo, unampa mtu huku unamwombea aikatae? Kwa hiyo nami uso wangu nautafutia mahali pa kuuweka.

Sasa majibu. Mahubirini hatuji. Usinifanye mahubiri. Utasimama pale juu na joho lako, utajishusha vizuri sana, watu watalia, watasema Mwadhama ana unyenyekevu ulioje, na mimi nitakuwa nimekaa mbele na suti ya kijivu kama mfano wa somo. Nitakuwa nimepaki gari jingine tu, safari hii la kwako.

Barua yako Mama amesomewa na binti yangu, yote. Alipofika kwenye "Asante", Mama akasema, "Rudia hapo." Akarudia. "Tena." Akarudia. Kisha Mama akaomba maji, akanywa, akaweka kikombe chini, akatoa hukumu yake, na mimi nakuandikia kama alivyoitoa.

Utakuja wewe kabla ya hiyo sikukuu. Gari liache huko na dereva wako mwangalifu. Utapanda basi na watu. Utashuka stendi mchana, siku ya soko, jua likiwa juu ya kila mtu. Mimi nitakupokea. Tutatembea mtaa wa sokoni, wewe na mimi, bega kwa bega, na kila mlango ambao Mama alisimama akaeleza habari za kiti na keki, tutasimama. Utabisha wewe. Utasema mwenyewe, kwa mdomo wako, kwamba kaka yako alikuja kwenye sherehe yako na hukumpa kiti, na mama yako hakusema uongo, alidanganywa. Tukimaliza milango yote, yeye atatoka nje, avuke, aende sokoni kununua anachotaka bila kutuma mtu. Akirudi ndipo tutakula.

Lile swali lako la mwisho silijibu kwenye karatasi. Mimi darasani nilikaa kidogo, mambo makubwa sijui kuyaandika. Uniulize stendi.

Nilijaribu kukutetea, ujue. Mambo ya damu hayo. Nikamwambia, "Mama, milango ni mingi, na yule mtu ni Kardinali, na siku hizi sauti yake haiendi mbali bila kipaza."

Akasema, "Alisomea kusema."

Kaka yako